Naomba ushauri: RV (gari-nyumba), jangwa la Arizona na New Mexico mwezi Julai, na mama mzee. Tulale wapi?

Mama Zuhura

Habari za leo wanajukwaa, na shikamoo kwa wakubwa.

Tunaishi Dallas. Mama yangu mzazi amekuja kututembelea kutoka Tanga, na tangu afike ameona maduka na barabara kuu tu. Juzi akamwambia mume wangu kwamba hataki kurudi nyumbani akawasimulie watu maegesho ya magari. Anataka kuona Grand Canyon, na ikiwezekana ile milima myekundu iliyosimama peke yake jangwani. Basi tumekodi RV ya futi 25, ile yenye kitanda juu ya dereva, ina jiko la gesi, friji, choo, bafu na jenereta. Tutakuwa watano: sisi wawili, watoto wawili wa miaka 12 na 9, na mama. Tunaondoka wiki ya kwanza ya Julai kwa takribani wiki mbili. Njia tuliyoichora: White Sands, Tucson, Phoenix, Grand Canyon, Monument Valley, Zion, Las Vegas, halafu turudi kwa barabara kuu ya I-40.

Kinachonikosesha usingizi ni tutalala wapi. Mtandaoni nasoma kwamba jangwani unaegesha popote bure wiki mbili bila mtu kukuuliza. Wengine wanasema tulale kwenye maegesho ya maduka ya Walmart. Wengine wanasema bila kambi ya kulipia utafukuzwa. Mume wangu anaamini tutajua hukohuko mbele ya safari. Mimi nina mama wa miaka 72 mwenye kisukari, anachoma insulini, na yuko hapa kwa viza ya matembezi. Sitaki agongewe dirisha saa nane usiku na mtu mwenye tochi.

Wenyeji wa njia hizo naomba mnielekeze. Nawasilisha.

Dereva wa Masafa

Karibu sana dada. Mimi ni dereva wa lori, I-10 na I-40 ndiyo ofisi yangu. Swali lako la pa kulala ni zuri, lakini halina jibu mpaka kwanza ubadilishe njia. Tucson, Phoenix na Las Vegas mwezi Julai unaweza kupita. Kulala ndani ya gari na mama wa miaka 72 ni jambo jingine kabisa.

Watu wakisikia "jangwa" wanadhani ni sehemu moja yenye joto moja. Sivyo. Kinachoamua usiku wako utakuwaje ni mwinuko. Phoenix iko kama mita 330 juu ya usawa wa bahari. Flagstaff, mwendo wa saa mbili na kidogo kwenda kaskazini, iko mita 2,100. Mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na zaidi, ilhali Flagstaff watu walikuwa wanajifunika blanketi usiku. Muulize mama, atakuelewa haraka kuliko mumeo: ni Korogwe na Lushoto. Mtu mwenye hiari hashuki Korogwe kulala kipindi cha joto.

Kwa hiyo Julai kanuni ni moja: chini mnapita, juu mnalala. Chukua ramani, kila sehemu unayofikiria kulala angalia mwinuko wake kabla hujaangalia bei. Chini ya mita 1,500, usilale bila umeme wa kambi. Juu ya mita 2,000 ndipo unapoweza kuanza kufikiria sehemu za bure.

Na fikeni kambini kabla ya saa kumi na moja jioni. Ukifika mchana unaiona ardhi, unawaona majirani, na kama mahali hapajakukaa vizuri una muda wa kuondoka.

Kijana wa Mesa

Nathibitisha anachosema Dereva. Hapa kwetu Julai hata usiku wa manane joto linagoma kushuka chini ya nyuzi 30. RV ni bati na ubao mwembamba. AC ya paa inahitaji umeme wa kambi, la sivyo jenereta iungurume usiku kucha. Na hiyo jenereta inanyonya petroli kwenye tangi lilelile la gari, imetengenezwa izimike tangi likikaribia robo ili usikwame porini. Hapo bado kampuni nyingi zinakutoza kwa kila saa ya jenereta. Soma mkataba wako.

Hizo habari za kukaa bure ni za kweli, ila ni za majira ya baridi. Sehemu kubwa ya jangwa hapa ni ardhi ya serikali kuu chini ya Bureau of Land Management, watu wanaiita BLM. Pale ambapo hakuna kibao cha kukataza, unaruhusiwa kukaa siku 14 ndani ya kipindi cha siku 28, kisha unahamia mbali, Arizona wanataka angalau maili 25. Quartzsite, karibu na mpaka wa California, ndiyo makao makuu ya maisha hayo. Kuna maeneo maalumu ya kukaa muda mrefu kama La Posa, msimu wake ni 15 Septemba hadi 15 Aprili. Bei ninayoijua ni dola 40 kwa siku 14 na 180 kwa msimu mzima, na La Posa mnapata maji na mahali pa kumwaga uchafu. Januari mji ule mdogo unajaa RV mpaka upeo wa macho. Julai hakuna mtu, na wenyeji wenyewe wamekimbilia milimani.

Mkija siku nyingine majira ya baridi, mpelekeni mama akaone kaburi la Haji Ali pale Quartzsite. Alikuwa mtu wa Shamu (Syria) aliyeletwa mwaka 1856 pamoja na ngamia wa jeshi la Marekani, akafia hukohuko jangwani mwaka 1902. Kaburi ni piramidi ya mawe na ngamia wa shaba juu yake. Kwenye vibao wameandika Hi Jolly.

Mama Zuhura

Asanteni sana, nimemsomea mama hiyo ya Korogwe na Lushoto, ameshamgeuka mkwewe.

Mkataba nimeusoma. Unakataza barabara isiyo na lami, na Death Valley majira ya joto hairuhusiwi kabisa. Sasa hizo sehemu za bure za BLM na misituni si zote ziko kwenye barabara za vumbi? Na kama tunaacha Tucson na Phoenix, tunapita wapi?

Kisauni wa Denver

Dada usijitie presha. Sisi tumezunguka na familia, tunalala Walmart tu, asubuhi tunanunua mkate na maziwa tunaondoka. Hakuna aliyetugusa. Kulipia kambi kila siku ni kutupa pesa ambayo mama angerudi nayo nyumbani.

Dereva wa Masafa

Kisauni, kwa usiku mmoja wa kupita njia nakubaliana nawe. Lakini tumpe dada picha yote. Walmart hakuna ruhusa ya jumla. Kila duka meneja wake ndiye anaamua, na miji mingi ya kitalii ina sheria ndogo zinazokataza kulala kwenye gari hata meneja akikubali. Kwa hiyo unapiga simu mchana, au unaingia ndani unauliza kwa mdomo, na unaangalia vibao kwenye nguzo za taa. Ukiruhusiwa, unaegesha pembeni mbali na mlango, hutoi viti nje, huwashi jiko nje, asubuhi unaondoka. Na lami ya maegesho iliyopigwa jua mchana kutwa inarudisha joto usiku kucha, kwa hiyo tatizo la AC liko palepale.

Vituo vya malori navyo hivyohivyo. Love's, Pilot na wengine wana sehemu za RV katika baadhi ya vituo, nyingine za kulipia zenye umeme. Naomba tu msichukue nafasi za malori. Dereva aliyemaliza saa zake kisheria haruhusiwi kuendelea, akikosa nafasi anaishia kulala kwenye njia ya kutokea ya barabara kuu, na hapo watu wanakufa. Uliza ndani wakuonyeshe sehemu ya RV.

Vituo vya mapumziko vya Texas vinaruhusu kukaa hadi saa 24, hilo likumbuke kwa dharura. Majimbo mengine kila moja lina saa zake, soma kibao.

Kuhusu barabara ya vumbi: usivunje mkataba. Ukikwama au ukipasua tairi huko, bima inaweza kukuacha mikono mitupu. Kambi za serikali za bei nafuu zilizo kando ya lami zinawatosha kabisa.

Mkamba wa Albuquerque

Habari dada, na umsalimie mama. New Mexico niachieni mimi, nimekaa hapa muda mrefu na naipenda kwa moyo wote.

Toka Dallas kwa I-20. Siku ya kwanza lala Monahans Sandhills, hifadhi ya jimbo la Texas palepale kando ya barabara. Ni chini na kuna joto, lakini ina umeme na maji, na watoto watateleza kwenye vilima vya mchanga jioni. Siku ya pili Carlsbad Caverns. Ndani ya pango ni nyuzi 13 mwaka mzima, bebeni sweta. Mama hahitaji kutembea mteremko wote, kuna lifti. Mnahitaji kuweka nafasi ya saa ya kuingia mtandaoni kabla. Na msiondoke kabla ya magharibi: popo kwa maelfu wanatoka mdomoni mwa pango kwenda kuwinda wadudu, mmekaa kwenye viti vya mawe, kila mtu kimya, simu na kamera marufuku. Kisha mkalale Brantley Lake, hifadhi ya jimbo yenye umeme.

Siku ya tatu ndiyo mnaanza kupanda. Artesia, halafu US-82 kuelekea magharibi mpaka Cloudcroft. Ardhi inainuka polepole, mashamba yanageuka misonobari, na bila kutegemea mko mita 2,640. Mchana wa Julai pale ni kama nyuzi 22. Msitu wa taifa wa Lincoln una kambi za Silver, Saddle na Apache karibu na mji, hazina umeme lakini hamtauhitaji. Kaeni hapo usiku zaidi ya mmoja. White Sands iko chini yenu, mnaishukia siku moja.

White Sands yenyewe hakuna kulala na RV ndani, msihangaike kutafuta. Na mtu akiwaambia Holloman Lake ni bure, msiende. Maji na udongo wa pale umekutwa na kemikali hatari za PFAS kwa kiwango cha juu sana. Nendeni White Sands jioni jua likipungua. Ule mchanga ni jasi, haushiki joto kama mchanga wa pwani, mama atavua viatu atembee. Angalieni siku hiyo kama barabara iko wazi, maana jeshi likijaribu makombora jirani hapo wanafunga kwa saa kadhaa.

Baada ya hapo kila mtu anakimbilia I-10. Ninyi msiende. Pandeni US-54 kaskazini mpaka Carrizozo. Kuna Valley of Fires, kambi ya BLM juu ya lava nyeusi iliyoganda, lami mpaka mlangoni na sehemu zenye umeme. Kisha US-380, I-25 kidogo hadi Socorro, halafu US-60. Hii US-60 ndiyo barabara ninayompa kila mgeni wangu. Mnapanda uwanda wa San Agustin, peupe hakuna kitu, halafu mnaona madishi meupe 27, kila moja kipenyo mita 25, yanasikiliza mawimbi ya redio kutoka angani. Ndiyo Very Large Array, ina kituo cha wageni. Mbele kidogo ni Datil Well, kambi ndogo ya BLM katikati ya miti, bei ya chini, zaidi ya mita 2,200. Usiku wake una nyota ambazo watoto wa Dallas hawajawahi kuziona. Mkivuka kuingia Arizona, Show Low kuna Fool Hollow Lake, ina umeme na iko juu. Kutoka hapo Holbrook, I-40, Flagstaff.

Angalizo moja kwa US-60: mtandao wa simu unakatika kwa muda mrefu. Pakueni ramani kabla ya Socorro na jazeni mafuta hapo.

Mama Zuhura

Kaka, Mungu akubariki. Nimeandika yote kwenye daftari. Hii ya lifti pangoni imenifurahisha maana magoti ya mama si mazuri.

Kuna muuguzi humu? Insulini ndiyo inanipa hofu, pamoja na huo urefu wa mita 2,640.

Nesi wa Flagstaff

Nipo dada. Nianze na insulini.

Ambayo haijafunguliwa inakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na isigande. Anayoitumia sasa, aina nyingi zinavumilia joto la chumba lisilozidi nyuzi 30 kwa takribani siku 28, lakini soma karatasi ya dawa yake kwa sababu zinatofautiana. RV iliyoegeshwa juani ikiwa imezimwa inapita nyuzi 30 kwa muda mfupi mno. Kwa hiyo dawa haibaki garini mnapokwenda kutembea. Nunua kifuko cha kuhifadhia insulini, atembee nayo. Gawanya akiba sehemu mbili ili moja ikiharibika asibaki mikono mitupu, na abebe barua ya daktari yenye jina halisi la dawa, si la kibiashara tu.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: friji nyingi za RV zinazotumia gesi hazipoozi vizuri gari likiwa limeinama. Mkifika kambini, kabla ya kuzima injini, weka bakuli la maji mezani. Maji yakisogea upande mmoja, weka vipande vya mbao au vile vya plastiki chini ya matairi ya upande ulioshuka mpaka yatulie sawa. Na ndani ya friji weka kipimajoto kidogo cha dola chache, insulini iwe mbali na ukuta wa nyuma unaogandisha.

Mwinuko: mkipitia Monahans na Carlsbad mwili wake utapanda kwa hatua, ni vizuri. Siku ya kwanza Cloudcroft asitembee sana, anywe maji hata asiposikia kiu. Kama ana shida ya moyo au mapafu, daktari wake aseme neno kabla ya safari. Pimeni sukari mara nyingi zaidi ya kawaida. Na kama hana bima ya afya ya wageni, mkatieni kabla ya kuondoka Dallas.

Maji wekeni galoni moja kwa kila mtu kwa siku ya kunywa peke yake, mbali na ya tangi.

Sasa pa kulala huku kwetu. Ndani ya Grand Canyon upande wa kusini kuna kambi ya Mather, haina umeme na mwisho ni gari la futi 30, ninyi wa 25 mnaingia. Trailer Village ina umeme na maji. Zote mbili Julai hujaa mapema, lakini watu hughairi, ingia tovuti ya Recreation.gov kila asubuhi kutafuta nafasi ya Mather. Mkikosa, kuna Ten-X nje kidogo ya Tusayan, kambi ya msitu wa Kaibab. Watu wengi wanalala bure kwenye barabara ya msitu 302 hapohapo Tusayan, ni halali, lakini ni vumbi, na mkataba wako umeshasema.

Juni na mwanzoni mwa Julai kabla ya mvua, misitu yetu mara nyingi iko chini ya marufuku ya moto. Marufuku ikiwa kali, hata mkaa wa nyama choma hauruhusiwi kambini, linabaki jiko la gesi lenye swichi ya kuzima. Piga simu ofisi ya msitu siku mnayokuja. Hapa tumeona mlima ukiungua kwa uzembe wa mtu mmoja, nawaomba mlichukulie kwa uzito.

Mzee wa El Paso

Binti yangu, umegusa suala la viza na watu wamelipita. Naomba mnisikilize.

Kusini mwa New Mexico, Arizona na magharibi mwa Texas kuna vizuizi vya Border Patrol (askari wa mpaka) ndani ya nchi, mbali na mpaka. Kuna cha US-70 kati ya White Sands na Las Cruces, kuna cha US-54 kusini mwa Alamogordo, kuna cha I-10 pale Sierra Blanca kwa wanaorudi mashariki. Njia aliyokupa Mkamba inaviepuka kwa sehemu kubwa kwa sababu ya jiografia tu, lakini msafiri kama msafiri. Sheria inamtaka asiye raia aliyetimiza miaka 18 awe amebeba hati yake. Mwenye green card abebe kadi yenyewe, picha ya kwenye simu haitoshi. Mama abebe pasipoti yenye viza, na mchapishie I-94 yake kutoka tovuti ya CBP (idara ya forodha na mipaka), maana hiyo ndiyo inaonyesha tarehe anayoruhusiwa kukaa. Weka kwenye bahasha moja karibu na dereva, si chini ya godoro.

Mkisimamishwa, zimeni redio, shusheni kioo, jibuni kwa heshima na kwa kifupi. Mama kama Kiingereza hakimtoki, semeni mapema kwamba ni mama mzazi, mgeni, anazungumza Kiswahili. Hajafanya kosa lolote, asikae akitetemeka.

Binti Makorora

Shikamoo kwa mama, mimi pia wa Tanga! Niko Page, Arizona.

Monument Valley ni ardhi ya taifa la Wanavajo. Ile ruhusa ya siku 14 za BLM haipo kwao. Usiegeshe pembeni ya barabara ukalala, ile ni ardhi ya watu, kuna familia zinafuga hapo. Kambi zipo, ya The View ndani ya hifadhi na ya Goulding's upande wa pili, wekeni nafasi. Ile barabara ya maili 17 inayozunguka mawe RV hairuhusiwi. Mchukueni mwongozaji Mnavajo mwenye gari lake, mama atakaa mbele na atasimuliwa na mwenye nyumba. Pombe hairuhusiwi kwenye ardhi yao.

Saa zitawachanganya. Arizona haisogezi saa mbele majira ya joto, Wanavajo wanasogeza. Monument Valley itakuwa saa moja mbele ya Flagstaff, halafu mkifika huku Page mnarudi nyuma. Ziara za korongo la Antelope Canyon, hapa jirani, zinafuata saa ya Page. Simu hurukaruka, vaeni saa ya mkono.

Na msiendeshe usiku kwenye ardhi ya Wanavajo. Ng'ombe na farasi wanalala barabarani kwa sababu lami ina joto.

Huku Page msiende ufukwe wa Lone Rock, ni mchanga, RV za kukodi zinazama kila wiki. Kambi ya Wahweap ina umeme na ziwa liko mbele yenu.

Zion na RV yenu fikirieni upya. Ile barabara yenye handaki ya upande wa mashariki, magari marefu kwenda juu zaidi ya futi 11 na inchi 4 yalikuwa yanalipa dola 15 kusindikizwa, na hifadhi ilitangaza kuwafungia kabisa kuanzia Juni 2026. RV za futi 25 nyingi zina kimo cha futi 12. Badala yake nendeni hifadhi ya Bryce Canyon kupitia mji wa Kanab. Iko juu ya mita 2,400, na Red Canyon njiani ina kambi nzuri kandokando ya lami.

Kadi ya kuingilia hifadhi za taifa kwa wakazi ni dola 80 kwa mwaka, nunueni. Kuanzia 2026 wageni wasio wakazi wana bei yao: kadi ni dola 250, la sivyo dola 100 za ziada kwa kila mtu katika hifadhi 11, zikiwemo Grand Canyon na Bryce. Pigeni simu Grand Canyon kabla mkaeleze kwamba mama ni mgeni wenu, muingie mkijua hesabu.

Kijana wa Mesa

Niongezee la mvua, maana tunamwambia mgeni jangwa na yeye anasahau mafuriko. Msimu wa mvua huku unahesabiwa 15 Juni hadi 30 Septemba. Mawingu yanajengeka mchana, yanapasuka alasiri. Yale makorongo makavu yenye mchanga laini bapa yanavutia sana kuegesha, kivuli kipo, upepo haupo. Msilale humo kamwe. Mvua inaweza kunyesha mbali kabisa, kwenu jua linawaka, na maji yakaja na magogo. Barabara ikifunikwa na maji, geuzeni. Arizona dereva akipita kizuizi akaokolewa, gharama ya kumuokoa anaweza kudaiwa yeye.

Mama Zuhura

Wapendwa, nimekaa na mume wangu mezani, amekubali. Tucson, Phoenix, Zion na Las Vegas zimeondoka. Tumeshapata Monahans, Brantley na usiku tatu Cloudcroft, kambi ya Apache. Bryce tumepata katikati ya wiki. Mather bado naiwinda kila asubuhi. Mama ameuliza kama yale madishi ya kusikiliza angani yanaruhusu kupiga picha, nikamwambia nitauliza.

Swali la mwisho, ni la mume wangu. Hajawahi kuendesha gari zito. Kwenye ramani kutoka Cloudcroft kushuka Alamogordo barabara imejikunja sana. Tufanyeje?

Dereva wa Masafa

Mwambie ameuliza vizuri. Ule mteremko ni kama maili 16 na mnashuka mita 1,300 hivi. Wanaoharibikiwa ni wale wanaoshuka kwa breki tu. Breki zinachemka, zinaanza kunuka kama mpira unaoungua, halafu pedali inakwenda chini bila kushika.

Kabla hajaanza kuteremka, pale juu kabisa, atoe gia kwenye D aweke ya pili au ya tatu, na kama gari lina kitufe cha kuvuta mzigo akibonyeze. Injini itanguruma kwa sauti kubwa, asiogope, ndiyo inayomshikilia. Mwendo ukizidi, akanyage breki kwa nguvu kidogo mpaka ushuke, kisha aachie kabisa zipoe. Asikae ameziweka mguu muda wote. Wenye haraka nyuma yake awapishe kwenye sehemu za kupishia. Nusu ya njia kuna kijiji cha High Rolls, wanauza matunda kando ya barabara. Simameni hapo mnunue, breki zipoe, mama anyooshe magoti. Mbele yake kuna handaki, taa ziwashwe.

Na kwa kuwa mtavuka nyanda za wazi: mkiona ukuta wa vumbi unakuja, msijaribu kuupita. Tokeni nje kabisa ya lami, simameni, vuteni breki ya mkono, zimeni taa zote pamoja na za hatari, na mguu utoke kwenye pedali ili taa za nyuma zisiwake. Anayekuja nyuma akiona taa anadhani ndiyo njia, anakufuata, anakugonga. Subirini lipite, kwa kawaida si muda mrefu.

Picha za madishi ruksa kwa kamera, ila simu mtaombwa mzizime au ziwe kwenye hali ya ndege kwa sababu zinaingilia mitambo. Mnunulie mama kamera ndogo.